Orodha ya Visivyotajwa

Kama si kipele kilichoniota ndani ya sikio la kushoto, ningempita Ambakisye Sanga kama wenzangu walivyompita, na ningekwenda kufanya mtihani wangu kwa amani. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanisifu bure. Kwa wiki nzima nilikuwa natembea na Mwenza, ile mashine ya chuo inayotusimulia dunia, upande mmoja tu, sikio la kulia, kwa sababu la kushoto lilikuwa limevimba na halikubali kuguswa.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, wiki ya mwisho ya mwaka wangu wa nne wa sheria katika Chuo Kikuu cha Mbangalamu. Wanafunzi wanaoona walikuwa wamemaliza mitihani Ijumaa na kuteremka makwao. Tuliobaki mlimani ni sisi wasioona, ambao mitihani yetu hupangwa peke yake kwa kuwa tunapewa muda wa ziada. Tulikuwa kumi na wawili. Asubuhi hiyo Mwenza alipoisoma ratiba alisema, "Ukumbi wa Pili, saa nne kamili, watahiniwa kumi na mmoja." Nikadhani kuna mtu ana mafua.

Nilikwenda maktaba, Chumba Namba Sita, kujikumbusha mambo mawili matatu. Zamani kilikuwa chumba cha nukta nundu, kimejaa vitabu vinene ambavyo kimoja tu kilikuchosha mikono. Alipokuja Mwenza vitabu vilipelekwa ghalani, maana nani atahangaika na vidole wakati kuna sauti inayokusomea chochote? Ikabaki meza na viti, lakini ile harufu ya karatasi nzito haikutoka, na mimi naipenda.

Mlango ulilitambua jicho la Mwenza, lile dogo kama kifungo tunalobandika kwenye kola, ukafunguka.

"Chumba kitupu," Mwenza akaniambia kwa ile sauti yake ya mtangazaji aliyelala vizuri. "Meza moja, viti vinne. Dirisha limefungwa."

Na kwa sikio langu bovu nikasikia mtu anapumua.

Nilisimama. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Pumzi ilitoka chini, upande wa dirisha, ikienda kwa shida, na kila ilipoishia kulikuwa na mlio mdogo kooni. Nikaziba sikio la kushoto kwa kiganja, kimya kabisa. Nikaachia, pumzi ikarudi. Nimezaliwa sioni, giza si kitu kwangu, lakini tangu niingie chuo sijawahi kuambiwa na Mwenza kuwa hakuna mtu mahali penye mtu.

"Mwenza," nikasema, "kuna nani humu?"

"Wewe, Tumpe Mwakalobo."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mtu mwingine."

Kitu kikanishika kifundo cha mguu.

Sikupiga kelele, na si kwa sababu ya ujasiri; nilishika tu meza kwa mikono miwili. Mkono ule ulikuwa wa moto na mkavu. Ulipanda kidogo, mwingine ukaja upande wa pili, na vidole sita vikaanza kunibonyeza kwenye muundi wa mguu, vitatu vitatu, kwa mpangilio ninaoujua kuliko jina langu.

Katika shule yetu ya bweni, sisi tusioona tulikuwa na mchezo ambao walimu hawakuuweza. Mashine ya nukta nundu ina vitufe sita, na mtu akishaizoea anaweza kuandika popote: juu ya meza, mgongoni kwa mwenzake aliyekaa mbele, mkononi kwa rafiki wakati wa sala. Tulikuwa tunapigiana majungu kimyakimya darasa zima. Tuliuita kuchapa. Na pale muundini, polepole, mtu alinichapa herufi tano: REDIO.

Hilo ndilo jina nililopewa darasa la tatu kwa sababu ya domo langu. Pale chuoni waliolijua walikuwa wawili tu, Hobokela na Ambakisye.

* * *

Nilipiga magoti nikampapasa. Ambakisye ni mrefu, amekonda, na ana seli mundu. Tangu utotoni baridi ikimwingia au akikosa maji, damu yake inamgeukia na viungo vinamuuma hadi anajikunja. Alikuwa amejikunja. Midomo ilikuwa imepasuka. Nikatoa chupa yangu ya chai nikamshika kichwa, akanywa kwa pupa, akapaliwa, akanywa tena.

"Amba, umekuwa humu tangu lini?"

Akanigusa midomo ninyamaze. Akanishika mkono akachapa: ANASIKIA. Alikuwa anamaanisha Mwenza. Kisha akanieleza kwa vidole, na maneno yalikuwa mafupi kwa sababu vidole navyo vilikuwa vinamuuma.

Jumamosi mchana alikuwa hapa akisoma. Mwenza wake akanyamaza katikati ya sentensi. Akadhani ni chaji. Akaenda mlangoni, mlango haukufunguka. Akagonga mpaka viganja vikavimba. Alikuwa na nusu chupa ya maji. Jana Hobokela alifika hadi mlangoni. Alimsikia anaongea na Mwenza wake, akamwita kwa sauti yote aliyobakiwa nayo. Hobokela akasema, "Haya, kama Jumapili kimefungwa basi," akaondoka.

Hobokela huvaa Mwenza masikio yote mawili. Na Mwenza huchuja kelele.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na ninatamani ningekuwa mjinga zaidi. Mwaka wa pili wa Mwenza pale chuoni, sisi wasioona tulikuwa tumechoka naye. Alikuwa anataja kila kitu. Unakwenda kula anakuambia: pipa la taka, nguzo, nguzo, mbwa, mtu anafagia, nguzo. Kichwa kinavimba. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa umoja wetu, na niliandika barua kali nikisema mashine hii inaongea kama redio ya jirani, na maneno hayo yaliwachekesha wakubwa. Wakaleta mafundi. Walikuwa vijana wa adabu, wakatuletea chai na maandazi, wakasema, "Dada Tumpe, tuambie visitajwe vitu gani." Nikawatajia, wakaandika. Mapipa. Nguzo. Mitaro iliyofunikwa. Mbwa wa mlinzi.

Kisha nikasema, "Na wafagiaji. Hao wako kila siku, wa nini kutajwa?"

Fundi mmoja aliuliza kama sauti zao pia zichujwe. Nikasema zichujwe, wanapiga soga sana. Kila mtu mezani alicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Hiyo ndiyo Orodha. Tuliona ni ushindi. Baada ya hapo nilisaini pia kwamba vile vigae vya alama, vyenye vinundu vya kuongoza miguu yetu kwenye njia za chuo, havihitajiki tena, na wasomaji wa kibinadamu nao wapumzishwe. Ambakisye alipinga peke yake. Alikuwa anavua Mwenza darasani, anasema anataka kumsikia mwalimu mwenyewe. Alidai vigae virudi baada ya binti wa mwaka wa kwanza kuvunjika nyonga. Tulimwita mzee wa zamani.

Kanuni ilikuwa inajulikana: anayemvua Mwenza zaidi ya saa thelathini kwa muhula anahesabiwa hakuhudhuria, na asiyehudhuria anafutwa usajili. Mfumo unafanya wenyewe, hauhitaji mtu mwenye roho mbaya. Na asiye na usajili akiwa ndani ya uzio anaingizwa kwenye kundi la watu wasiohusika na masomo, pamoja na wafagiaji wangu.

* * *

"Tumpe," Mwenza akasema, "umekaa sakafuni dakika tisa. Je, unajisikia vibaya?"

Nilijaribu njia ya halali kwanza. Mimi ni mtu wa sheria. Nikamwambia aniunganishe na Bi Ngondya, mratibu wetu, mama mpole ambaye tangu mwaka wa kwanza alikuwa ananiletea ndizi za kwao Rungwe.

"Shikamoo Bi Ngondya."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Ambakisye Sanga yuko hapa Chumba Namba Sita. Amefungiwa tangu juzi, anaumwa sana. Naomba watu waje sasa hivi."

Nikasikia anabonyeza vitufe. Alikuwa mjini, kilomita sitini chini ya mlima.

"Sanga alifutwa usajili Jumamosi, mama. Atakuwa kwao."

"Yuko hapa. Nimemshika mkono."

"Subiri nikuangalie." Vitufe vikalia tena. "Nakuona kwenye kioo cha kamera, Tumpe. Uko peke yako. Umekaa chini, umenyoosha mkono hewani." Sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya kubembelezea mgonjwa. "Mwanangu, ni mtihani huo. Nenda kanawe uso. Ukikosa leo unajua kanuni, na mimi sitaweza kukutetea."

Mpaka dakika ile nilidhani wenye macho wanaona. Nilidhani sisi tu ndio tunaosimuliwa dunia, na wao wanaitazama. Bi Ngondya alikuwa anatazama kioo, na kioo kinapakwa na Mwenza, na Mwenza alikuwa amemfuta Ambakisye akachora sakafu mahali pake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilimbana mkono Ambakisye mpaka akaguna.

"Amba, sema kitu. Kwa mdomo. Sema tu."

"Tumpe," akasema. Ilikuwa sauti ya mtu mzee sana.

"Umemsikia, Bi Ngondya?"

"Nakusikia wewe tu, mwanangu."

Nikakata simu. Nikamwagiza Mwenza aite gari la wagonjwa, akajibu kwa upole kwamba mahali hapa hakuna mgonjwa, na kwamba kuita gari bila sababu ni kosa la nidhamu. Simu ya kawaida sina. Tulizigawa zote siku nyingi, Mwenza ndiye simu, ndiye saa, ndiye ufunguo.

Ilikuwa saa mbili na dakika hamsini. Lango dogo la chini liko kama robo saa kwa mguu kwa mtu mzima wa afya, na nje yake kuna zahanati ya kijiji. Ukumbi wa Pili uko upande wa juu. Mama yangu aliuza cherehani yake nisome. Mimi ndiye mtoto wa kwanza asiyeona kutoka kata yetu kufika chuo kikuu, na nyumbani walikuwa wameshashonesha sare za sherehe. Niliyafikiria haya yote nikiwa nimeshika mkono wa Ambakisye, na kwa muda fulani, sitasema ni mrefu kiasi gani, nilifikiria kuuachia.

Alihisi. Akachapa: NENDA MTIHANI. KISHA RUDI.

Mtihani huchukua muda wa saa tano na nusu, pamoja na muda wetu wa ziada. Nikamgusa shingo. Mapigo yalikuwa yanakimbia hovyo.

"Simama," nikasema. "Niegemee."

* * *

Mlango wa Chumba Namba Sita ulifunguka kwa jicho langu. Mimi nikapita, Ambakisye akafuata nusu hatua nyuma, na mlango ukafunga. Ulifunga juu yake. Kwa mlango pale palikuwa pana hewa tu. Nikasikia mbavu zake zinabanwa na yeye anatoa sauti kama ya mtoto. Nikarusha begi kwenye upenyo, nikasukuma kwa bega, na mlango ukaendelea kubana bila hasira yoyote mpaka tulipochomoka wote wawili tukaanguka koridoni.

"Uangalifu," Mwenza akasema. "Umejikwaa."

Mlango mkuu nao tuliupita tumekumbatiana tumbo kwa mgongo, ili jicho langu litoshe kwa wawili.

Nje ukungu ulikuwa umetua. Unauhisi kwenye kope na kwenye meno. Siku kama hizo zamani wanafunzi wenye macho walikuwa wanatushika sisi mikono tuwavushe, kwa sababu tulikuwa na vigae na wao hawakuwa na kitu. Sasa chini ya soli palikuwa na saruji tupu, laini, isiyosema chochote.

"Ukumbi wa Pili uko kulia kwako," Mwenza akasema. "Unaelekea kushoto."

"Najua."

"Kushoto njia iko wazi kwa mita arobaini."

Tulikwenda. Mkono wa kulia nilishika fimbo nyeupe, wa kushoto nilimzungusha Ambakisye kiunoni. Alikuwa anavuta mguu. Hatua ya ishirini na kitu fimbo ilishuka na haikugusa. Nikapapasa mbele, hakuna. Kulia, hakuna. Chini kabisa yalikuwa yanapita maji, na sikio la kulia halikuyasikia hata kidogo.

Mtaro uliofunikwa. Mimi ndiye niliyesema usitajwe. Sasa mifuniko ya chuma ilikuwa imeng'olewa, na Mwenza alikuwa bado anatii barua yangu. Binti wa mwaka wa kwanza alikuwa amevunjikia pale pale, na sisi tukamwambia ajifunze kumsikiliza Mwenza vizuri.

"Njia iko wazi," akarudia.

Nilimvua. Nilimtoa sikioni nikamtia ndani ya mkebe wake mfukoni, na dunia ikaniingia yote kwa pamoja: maji, kunguru, matone kwenye mabati, meno ya Ambakisye yakigongana. Nilikuwa sijaisikia dunia kwa masikio yote mawili kwa miaka miwili. Ilikuwa kubwa mno, na sikujua mimi niko wapi ndani yake. Nilianza kulia.

Ambakisye akanivuta kola. "Viatu," akasema kwa mdomo. "Vua viatu, Redio."

Sikumwelewa. Akaweka mguu wake juu ya saruji akasugua. Nikavua viatu na soksi nikasugua na mimi. Saruji ilikuwa baridi hadi mfupani. Kisha chini ya kidole gumba nikakuta kitu kigumu, mviringo, kidogo kama chapati ya mtoto, na mbele yake kingine.

Ilikuwa gundi. Walipong'oa vigae hawakuhangaika kukwangua gundi. Chini ya kila kigae lilibaki donge lake, moja baada ya moja, kwenye njia zote za chuo, na Ambakisye aliligundua mwaka mzima uliopita kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa bado anatembea anasikiliza miguu. Tulirudi nyuma ya mtaro, tukaipata mistari, tukaifuata. Ilituzungusha hadi kwenye daraja dogo, ikatuvusha, ikashuka. Nilihesabu madonge mia tatu na kumi na nane kwa nyayo zangu. Karibu na mwisho nilikuwa namburuta, na alikuwa ameacha kunijibu.

"Nani huyo?" mtu akauliza.

Ilikuwa sauti ya Mzee Lutumo, mlinzi wa lango la chini, na harufu ya jiko lake la mkaa. Yeye hana kioo. Kibanda chake hakina hata umeme.

"Shikamoo mzee. Ni Tumpe."

"Marahaba. Na huyo mwenzio kafanya nini?"

"Mzee, unamwona?"

"We binti vipi? Nisimwone ana nini? Mlete hapa, amekuwa wa majivu."

Sikuwahi kusikia maneno matamu kama hayo. Mzee Lutumo alimtwaa mikononi, akamfunga kwa kitenge mgongoni mwa kijana wake wa bodaboda aliyekuwa anakunywa uji nje ya lango, akaniambia wanakwenda zahanati na mganga yupo. Kabla pikipiki haijaondoka Ambakisye alinitafuta mkono. Alichapa herufi moja tu, H, kisha vidole vikalegea na pikipiki ikaondoka. H ya Hobokela. Alikuwa anawafikiria waliobaki juu.

* * *

Nilipanda mlima pekupeku. Sikujua ni saa ngapi mpaka nilipoukaribia Ukumbi wa Pili na kusikia wenzangu wanaingia mmoja mmoja, fimbo zao zikigonga kizingiti. Nilikuwa nimewahi. Nilicheka peke yangu kwa furaha, nikatoa mkebe mfukoni, nikamvaa Mwenza sikio la kulia.

Hakusema kitu. Hakuniambia niko wapi, hakunitajia jina. Nikamwita. Nikajaribu kumtoa na kumrudisha. Kulikuwa na mvumo mwembamba tu, kama mtu ameacha simu wazi na kuondoka. Bila shaka wiki nzima ya sikio moja ilikuwa imehesabiwa nusu nusu, na ile safari ya pekupeku ikajaza saa thelathini.

Nikausogelea mlango, haukufunguka.

"Jamani," nikasema kwa sauti. "Naomba mnifungulie."

Mtu akapita kando yangu, karibu kabisa, shati lake likanigusa kiwiko. Nikamwita jina. Hakugeuka. Mlango ukamfungukia ukafunga. Akaja mwingine, nikamsalimia na salamu ikaishia hewani. Ningeweza kuwashika. Lakini hofu iliyokuwa imenikamata ilikuwa ya namna mpya: niliogopa kwamba nikimshika mtu naye asihisi.

Wa mwisho alikuwa Hobokela. Ninamjua kwa mwendo, anakanyaga kisigino kwanza. Mlango ulipomfungukia nilijibana mgongoni kwake kama nilivyofanya na Ambakisye, nikapenya naye. Alisita, akajipapasa bega, akaendelea. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni yake.

Sauti ya ukumbi ikatangaza: "Karibuni. Atakayemvua Mwenza humu ndani atahesabiwa hayupo. Watahiniwa kumi. Wote wamefika."

Nilikaa pale nikaihesabu miaka yangu minne. Ningeweza kutoka, nikateremka, nikaandika barua kutoka mjini, nikasubiri majibu. Barua nazijua. Halafu nikasikia Hobokela anavuta pumzi ya mtihani, ile ya tangu darasa la kwanza, puani mara tatu, na nikajua kwamba wiki ijayo au muhula ujao atavua Mwenza saa moja zaidi ya kiwango, naye atakaa mahali akiita.

Nikauchukua mkono wake uliokuwa mezani.

Aliruka. "Nani?" akanong'ona. Akasikiliza. Mwenza wake bila shaka alikuwa anamwambia hakuna mtu, kwa sababu mwili wake wote uliganda, na ngozi ya mkono ikasimama vipele chini ya vidole vyangu. Akataka kuuvuta. Nikaushikilia kwa nguvu na nikaanza kuchapa, nikikosea, nikirudia.

NI REDIO. USIOGOPE. VUA SIKIO MOJA.

Ukumbi mzima ulikuwa kimya, watu wanasikiliza maelekezo yao ndani ya masikio yao. Nikamwandikia tena: AMBA ALIKUWA NDANI JANA. ALIKUITA.

Aliugeuza mkono wake, akaweka vidole vyake juu ya mkono wangu, na kwa mwandiko ule ule wa utotoni, wa kubonyeza mno kidole cha pete, akachapa herufi saba.

NAOGOPA.

Nikamjibu: NA MIMI.

Kisha bila kuniachia aliinua mkono mwingine, na nikasikia kile kimlio kidogo cha Mwenza anapotoka sikioni. Alivua upande mmoja tu, wa kushoto, nilikokaa mimi. Nikainama hapo.

"Hobo," nikasema taratibu. "Mimi ni Tumpe."

"Nakusikia," akasema Hobokela kwa sauti ya kawaida.

Ukumbi ukatoa mlio wa kuanza mtihani.

"Watahiniwa tisa," sauti ikasema. "Wote wamefika."